Chai ya Ndani ya Gari la Jeshi

Tulilinunua gari lile kwa kisingizio cha watoto. Tulimwambia Mama kwa simu kwamba wajukuu wake wanakua, wanahitaji gari la kwendea milimani na ufuoni, gari lisiloogopa matope wala mchanga, naye kule Mombasa akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, Mungu awape kheri nalo." Mama hakudanganyika. Alijua, kama wajuavyo akina mama wote, kwamba mtu anayetoa sababu nne kwa jambo moja anayo ya tano aliyoificha. Ya tano ni kwamba tulilipenda tu.

Lilikuwa Land Rover la jeshi la Uingereza, la umbo refu, toleo la tatu, lililoundwa katika miaka ya sabini kiwandani Solihull, mji unaopakana na huu wetu wa Birmingham. Msomaji aliyekulia Pwani hana haja ya kuelezwa Land Rover ni gari gani. Sote tuliyakimbilia utotoni yalipopita na vumbi lake. Lakini hili letu lilitofautiana na yale ya nyumbani kwa jambo moja, jambo ambalo lilituletea furaha na nusura lituletee msiba. Magari ya kawaida hutumia umeme wa volti 12. Letu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotengwa kubebea redio za mawasiliano, na hayo yalifungwa umeme wa volti 24: betri mbili zinazofuatana, chanya ya moja ikiunganishwa na hasi ya nyenziwe, pamoja na jenereta kubwa ya kuzilisha. Hata kwenye dashibodi kuna kishikio cha kuvuta kwa mkono ili injini iongeze mzunguko gari likiwa limesimama, betri zipate kujaa huku askari wanazungumza redioni.

Huko nyuma, chini ya turubai, kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, tulikuta kisanduku cha chuma chenye kifuniko cha kubana, kizito kuliko kinavyoonekana. Waya wake ulikuwa umekatwa. Aliyetuuzia gari alitwambia kwamba hicho ni chombo cha kuchemshia maji, na kwamba Waingereza hukiita kwa herufi mbili tu, BV. Alikitaja kwa mapenzi, kama mtu atajaye paka wa nyumbani.

Baadaye tulikuja kuelewa mapenzi yale. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa magari na vifaru aliyetaka chai alilazimika kushuka, kuwasha moto nje na kungoja. Kuni hazikuwapo jangwani, kwa hivyo walikata debe la petroli, wakalijaza mchanga, wakaumwagia mchanga ule petroli na kuuwasha, kisha wakateleka juu yake. Chai ilipatikana, lakini moshi ulionekana mbali, na askari aliyeshuka kutoka ndani ya chuma chake alikuwa hana ngao. Vita vilipokwisha mwaka 1945 kilikuwa tayari kifaru kipya kiitwacho Centurion, nacho kikaja na chombo cha kuchemshia maji kwa umeme humo humo ndani. Tangu hapo magari ya kivita ya Waingereza yamekuwa yakifungwa vyombo hivyo, na anayetaka kuona vifaru vyenyewe aende Bovington, katika jimbo la Dorset, kwenye jumba lao la makumbusho ya vifaru. Sisi tulikwenda. Watoto walitazama mizinga. Sisi tulichungulia jikoni.

Mama aliwasili mwezi wa Aprili mwaka 2016, akae nasi hadi baada ya Ramadhani. Alikuwa na miaka sabini na sita. Tulimpeleka uani kumwonesha gari, naye akalizunguka polepole na fimbo yake, akagusa turubai, akainusa mkono. "Lina harufu ya petroli," akasema. Tulimweleza kwamba magari yote ya kale yananuka hivyo. Akauliza swali ambalo hatukulitazamia: gari hili lilipigana wapi? Tulisema hatujui, na hatukuwa tukijua. Makaratasi yake yalionesha tarehe za kuingia na kutoka jeshini tu. Mama akatikisa kichwa, akaingia ndani kusali alasiri.

Chombo chenyewe ndicho kilichomfanya arejee uani. Alitaka kujua walikuwa wakipika nini humo. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mzee wa Kiingereza ambaye ujana wake aliumaliza jeshini akiwa fundi wa magari, ndiye aliyetujibu. Alisema maji ya chai hasa, lakini pia walitumbukiza mikebe ya chakula ikiwa imefungwa, wakaitoa ikiwa moto, kisha maji yale yale wakayafanyia chai. Na mikebe ilikuwa na nini? Maharage, alisema, na vitoweo vya nyama, na soseji za nguruwe. Je, mikebe ilipata kupasuka humo ndani? Mzee akacheka. Mara nyingi mno, akasema.

Basi hapo pakawa na mas'ala. Tunajua kwamba Sahaba Abu Tha'laba alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, na jawabu lilikuwa kwamba kama kuna vingine vitumieni hivyo, na kama hamna vingine vioshwe na vitumiwe. Tunajua pia kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii najisi ya nguruwe huoshwa kama ile ya mbwa, mara saba, moja wapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mmoja wetu aliona kwamba chombo kina miaka mingi, hakuna anayejua kilipasukiwa na mkebe gani, na shaka haiondoi asili ya utohara. Mama hakubishana na fiqhi hiyo. Alisema tu, "Ni kweli mwanangu, lakini nami ndiye nitakayekunywa," akaomba jembe dogo la bustani.

Akachota udongo wa uani kwetu. Lakini mara moja ikazuka tabu ambayo vitabu vya tohara havikupata kuitaja: chombo cha umeme hakitumbukizwi majini. Chini ya sufuria ya ndani mna vyuma vinavyopashwa moto, na ubavuni mna mahali pa kuchomeka waya, na sehemu hizo zikinyonya maji kazi imekwisha. Tukaziba plagi kwa mfuko wa plastiki na mpira. Mama akaketi kwenye kibao, akamimina, akasugua kwa kitambaa, akakiinamisha chombo huku sisi wawili tumekishika kama tunaoosha mtoto mchanga. Mara ya kwanza kwa udongo, kisha sita kwa maji matupu, kila mara akihesabu kwa sauti. Yakatoka maji ya rangi ya chai iliyokolea. Ukoko wa miaka arubaini ya majani ya chai. Alipomaliza, chuma kiling'aa. Tukakiacha siku mbili juani, jua lenyewe la Aprili ya Uingereza, ambalo ni jua kwa jina.

Sasa tufike kwenye waya, na hapa hatutasema ni nani kati yetu wawili aliyetoa shauri. Ndoa ina siri zake. Ilikuwa siku ya Jumamosi, mwisho wa Aprili. Tulitaka kumpeleka Mama vilima vya Clent, si mbali na mjini, na tukataka anywe chai ya kwanza ya chombo alichokitoharisha kwa mkono wake. Dukani kulikuwa kumefungwa. Ghalani tulikuwa na waya wa taa ya mezani, mweupe, mrefu, mzuri wa kutazama. Tukasema: nyumbani waya huu unabeba volti 240, na gari lina volti 24 tu, kwa hivyo utatosha na kubaki. Tukaushika kwenye betri moja kwa moja, bila fyuzi, tukaupitisha chini ya zulia hadi nyuma. Na kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko haja, ziada yake tuliikunja mviringo, tukaifunga kwa kamba na kuisukuma nyuma ya benchi, mahali penye mablanketi.

Tulifika Clent, tukaegesha, injini tukaiacha inanguruma. Mtoto wetu wa mwisho, wakati huo ana miaka saba, alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa juu ya mablanketi yale. Sisi tulisimama nje na Mama tukitazama bonde. Ikapita nusu saa, maji hayajatoa hata povu. Tukasema ndio uzee wa chombo. Ikapita robo saa nyingine. Mama ndiye aliyegeuka. Alisema, "Kuna mpira unaungua," na kabla hatujajibu alikuwa ameshaliendea gari, bila fimbo, mtu ambaye ngazi za nyumba yetu huzipanda kwa kupumzika mara mbili. Alifungua turubai, moshi mweupe ukamtoka usoni, akamshika mjukuu wake mkono na kumvuta hadi chini nyasini. Mmoja wetu alizima injini, na injini kuzimwa hakukuwa na faida yoyote, maana umeme ulikuwa ukitoka kwenye betri. Mwingine akaung'oa waya betrini kwa mkono mtupu. Alama yake ingali kiganjani hadi leo.

Blanketi moja lilikuwa limeshatoboka tundu jeusi ukubwa wa kisahani. Kile kikunjo cha waya kilikuwa kimeyeyuka na kushikana kuwa kitu kimoja, na ndani yake shaba ilikuwa inaonekana. Nywele za mtoto zilinuka moshi. Yeye mwenyewe hakuwa na jeraha, alhamdulillahi, na alilia kwa sababu ya kuvutwa tu.

Njiani kurudi Mama hakusema neno. Tungeona nafuu angetukaripia. Tulipofika alikwenda chumbani kwake, na kuanzia siku ile hakupanda tena gari lile wala hakulitaja.

Jumatatu tulimwendea mzee jirani na kile kikunjo kilichoungua mkononi. Alikitazama muda mrefu, akauliza nani alikuwa ndani. Tulipomwambia, akaweka kikombe chake chini. Kisha akachukua kalamu na bahasha ya barua, akatueleza jambo ambalo tunalieleza hapa kwa urefu kwa sababu si la magari ya jeshi peke yake. Kila nyumba inayofunga betri, iwe ya sola au ya gari, linaihusu.

Alisema kosa letu lilikuwa kuzitazama volti. Waya haupashwi moto na volti, hupashwa na ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita ndani yake. Chombo chetu kilivuta ampea kama 20. Tulipima baadaye tukaona ni kweli. Ampea 20 kwa volti 26 za gari linaloenda ni wati zaidi ya 500. Chombo cha nguvu hiyo hiyo kikichomekwa ukutani nyumbani, penye volti 240, huvuta ampea mbili na kidogo, na waya wa taa huzibeba bila taabu. Volti zinapokuwa chache, ampea huwa nyingi, kwa kazi ile ile. Na joto la waya halikui sambamba na ampea: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana jeshi halikuridhika na volti 12, ambazo zingedai ampea 40 kwa chai ile ile.

Waya wetu wa taa ulikuwa na unene wa robo tatu ya milimita ya mraba, na ulikuwa ukibeba zaidi ya mara tatu ya kiasi ulichotengenezewa. Takriban volti nne zilipotelea njiani, na hizo ndizo zilizoufanya uungue, na pia ndizo zilizochelewesha maji. Yale maji yasiyochemka yalikuwa yakituambia habari, nasi tukayapuuza. Na kuukunja ule mviringo na kuufunika kwa blanketi kulikuwa sawa na kumfunika mtu mwenye homa kali kwa magodoro. Joto lilikosa pa kutokea. Lakini kosa kuu, mzee alisema, halikuwa waya. Lilikuwa kukosa fyuzi. Betri mbili za gari zinaweza kutoa kwa ghafla mamia ya ampea, na hazijui tofauti baina ya chombo cha chai na waya uliogusana. Fyuzi ndiyo ijuayo, na ikawe karibu na betri kabisa, maana kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Alikuja mwenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, kwa miguu yake iliyovimba. Hakufanya kazi; alikaa kwenye kiti cha bustani, sisi tukafanya naye akikosoa. Tuling'oa kila kitu. Tulinunua waya mnene wa milimita 6 za mraba, mara nane ya ule wa kwanza, kwa hivyo joto likabaki sehemu moja kati ya nane, tena limetawanyika. Tukaukata kwa kipimo, usizidi hata shubiri. Tukaweka fyuzi ya ampea 30 shubiri moja kutoka betrini, na swichi kubwa ya kukata umeme wote, mahali ambapo mtu aliye nje ya gari anaufikia mkono wake. Kila palipopita waya kwenye tundu la bati tuliweka kishikizo cha mpira, ili mtikisiko wa safari usiusugue ganda. Ncha zake tulizibana kwenye vikomo vya shaba kwa koleo maalumu. Kuzisokota kwa vidole mzee alikataa katakata, maana kiungo kilicholegea ni jiko jingine. Na tukatundika mtungi wa kuzimia moto kwenye nguzo ya nyuma.

Kisha akatupa masharti ya matumizi. Injini iwe inaenda, na kile kishikio cha dashibodi kivutwe kidogo, la sivyo betri zitaliwa nanyi mlale milimani. Gari likiwa limesimama na injini inaenda, turubai iwe wazi na mdomo wa ekzosi uelekee upepo unakokwenda, kwa sababu moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala wakidhani ni usingizi. Chombo kisiwashwe kikiwa kikavu. Na kipikiwe maji tu.

Sharti la mwisho tulilivunja wiki ile ile, tukiwa bado uani kwa majaribio. Tulitia mbaazi za nazi. Tui likashika chini, likaungua, na ilituchukua siku mbili kulikwangua kwa kijiko cha mti. Mama alitazama kutoka dirishani. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kumfanya acheke tangu Clent. Sasa mbaazi hupikwa nyumbani, zikatiwa kwenye mfuko mzito wa kufungwa, mfuko ukatumbukizwa majini, na maji ya chai huchotwa kwanza. Mayai hutoka vizuri, ilmradi yawe yameoshwa.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mapema mwezi wa Juni, katika siku ndefu kuliko zote za mwaka. Hapa kwetu magharibi ilikuwa baada ya saa tatu na nusu za usiku, na tulifunga zaidi ya saa 18. Mama hakuwa amefunga siku zote, kwa umri wake na dawa zake, na jambo hilo lilimuuma. Siku moja ya kumi la katikati alitoka chumbani na baibui lake mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Nitakwenda nanyi." Tulikuwa tukijitayarisha kwenda kufuturu vilimani na familia nyingine mbili. Hatukuthubutu kuuliza kwa nini.

Hakuketi mbele tulipomwekea mto. Alipanda nyuma, kwenye benchi, karibu na chombo. Tuliwasha swichi tulipokuwa bado njiani, maana uzuri wa kifaa hiki ndio huo: huchemsha huku gari linakwenda, na lita nne huwa tayari kwa muda wa dakika 45. Mmoja wetu alikaa naye. Mama aliweka kiganja chake juu ya waya pale unapotokea chini ya sakafu, akakiacha hapo. Kila baada ya muda aliusogeza mkono mbele, shubiri kwa shubiri, hadi kwenye plagi, kisha akarudi mwanzo.

Na hapo ndipo aliposema. Baba yake, ambaye sisi tulimjua kwa picha tu, alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Afrika Mashariki; alikwenda Bama pamoja na wengi wa rika lake. Aliondoka Mama akiwa na miaka miwili, akarudi akiwa na sita. Hakusimulia vita. Lakini nyumbani kwao Mombasa ilikuwa na sheria moja: hakuna mtu kulala chumba chenye jiko, hata jiko limekufa, na kabla ya kulala mzee yule alipita akigusa majivu kwa kiganja. Mama alikuja kujua sababu siku ambayo mamake aliugua. Huko Bama askari wawili walikuwa wakichemsha chai kwa debe la mchanga kando ya lori. Mmoja aliona moto umezimika, akaongeza petroli. Haukuwa umezimika. Ulishika turubai, na ndani ya turubai alikuwa amelala mwenziwe. Aliyeongeza petroli ni baba yake Mama.

"Nilipoona turubai ile siku ya kwanza," alisema, "niliinusa kwanza." Akanyamaza, akausogeza mkono shubiri nyingine.

Tulifika mapema. Tuliegesha upande upepo unakoelekea, tukafungua turubai pande zote. Watoto walitandika mkeka na kupanga tende. Maji yalikuwa yakichemka kwa sauti nzito, na Mama akatia mwenyewe majani, tangawizi iliyopondwa na iliki aliyoileta kutoka Markiti. Mzee jirani tulikuwa tumemwalika pia. Alikuja na mkewe kwa gari lao, na walingoja nasi hadi wakati bila kugusa kitu, ingawa tuliwabembeleza wale. Alipopokea kikombe alionja, akauliza ni nini kilichotiwa humu. Tulimwambia. Akasema kwamba miaka yote aliyotumia chombo hicho hakujua kwamba kinaweza kutoa kitu kama hiki. Mama akatuuliza amesema nini, tukamfasiria, naye akamjazia kikombe cha pili bila kumuuliza.

Mama alirudi Mombasa baada ya Idi. Sasa akipiga simu humtaka mjukuu wake kwanza, yule wa Clent, ambaye amekuwa mrefu kuliko sisi. Kila kabla ya safari yeye ndiye anayelala chini ya gari na tochi na kuupapasa waya kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho. Bibi yake humuuliza kama umepoa, naye humjibu kwamba umepoa, na ndipo wanapoanza kusalimiana.